Adabu ya Kupima

Hapana mtu apitishaye siku moja pasipo kupima. Mpishi hupima chumvi kwa ncha za vidole, mwashi hupima ukuta kwa timazi, mama hupima homa ya mwanawe kwa kiganja, na mkulima hupima saa kwa kivuli cha mti. Kupima ni tabia ya kila akili iliyo macho. Walakini mpishi hutosheka akijiridhisha mwenyewe na walaji wake, ilhali mtaalamu hulazimika kumridhisha mtu asiyemwona wala kumjua, aliyetengwa naye kwa bahari au kwa miaka mingi. Mtu huyo wa mbali hawezi kuuliza maswali. Hana ila maandishi. Kwa sababu hiyo kipimo cha mtaalamu hakina budi kiwe na adabu, na adabu hiyo ndiyo mlango wa sayansi yote.

Watu wa pwani walikuwa na vipimo vyao tangu kale. Shibiri ilikuwa urefu wa kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili zilifanya dhiraa, dhiraa mbili zilifanya wari, na wari mbili zilifanya pima. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Vipimo hivi vilikuwa na uzuri wake, kwani mtu hakuweza kusahau dhiraa yake nyumbani. Lakini vilikuwa na ila moja kubwa: mikono ya watu haikuumbwa sawa. Muuza nguo alipenda kupima kwa mkono mfupi, na mnunuzi alipenda kupimiwa kwa mkono mrefu; na kila mmoja aliweza kuapa kwamba alitumia dhiraa, asiseme uongo. Methali husema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hunena kweli, ila haielezi kibaba hicho ni cha nani.

Ugomvi huo haujazikwa pamoja na wazee. Vilima vya Kisarawe, nyuma ya jiji la Dar es Salaam, hutoa muhogo, korosho na mkaa, na katika biashara ya mashamba kila mtu nchini hulijua neno lumbesa. Lumbesa ni gunia lililokwisha kujaa, kisha likaongezwa kilemba juu ya mdomo wake na kushonewa kwa kamba, lipate kuitwa gunia moja. Mwenye shamba huuza gunia na nusu kwa bei ya gunia. Sheria ya vipimo imelikataza jambo hili, na Wakala wa Vipimo hulipiga vita, lakini lumbesa ni mwepesi wa kurudi kama magugu. Dawa yake ni mizani, kwa sababu mizani haina shamba wala duka. Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya kupima: kipimo cha haki ni shahidi ambaye si ndugu wa muuzaji wala si ndugu wa mnunuzi.

Upande mwingine wa mkoa huohuo wa Pwani, shahidi wa namna hiyo amejengewa nyumba. Msafiri aishikaye barabara kuu ya Morogoro hufika Kibaha baada ya kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam, na huko, mahali paitwapo Misugusugu, Wakala wa Vipimo ana kituo cha kupimia matangi ya magari yachukuayo mafuta. Maarifa yatumikayo katika kazi hiyo ni mepesi kuyaeleza. Tangi tupu hutiwa maji yaliyokwisha kupimwa, chumba baada ya chumba, na alama ikatiwa mahali maji yalipofika. Maji ni nafuu, hayashiki moto, na hayana sababu ya kumpendelea mtu. Baadaye gari likijazwa petroli, mwenye kituo cha mafuta aliye mbali, katika mji asioujua mpimaji, huitazama alama hiyo akaiamini.

Lakini hata alama hiyo yataka akili. Petroli hutanuka kwa joto. Lita 30,000 zikipanda joto kwa nyuzi 10 huongezeka kwa lita karibu 300, na zikipoa hupungua kwa kadiri hiyohiyo, pasipo mtu kuiba hata kikombe. Mwenye kituo asiyejua jambo hili aweza kumshtaki dereva mwaminifu. Na dereva mwovu aliyejua aweza kujificha nyuma ya joto. Basi idadi peke yake haitoshi. Mwenye kusema kweli husema ni kiasi gani, kwa kizio gani, kwa chombo gani, katika hali gani, na kwa kosa la kadiri gani. La mwisho ndilo wanafunzi walichukialo kuliko yote, maana hudhani kuwa kukiri kosa ni aibu. Katika sayansi, mtu atoaye idadi yake pasipo kadirio la kosa amefanana na shahidi asemaye kuwa aliona kila kitu usiku usio na mwezi.

Kibaha na Kisarawe ni mahali panapofaa kwa mazungumzo haya, kwa kuwa elimu ina historia ndefu huko. Minaki, katika vilima vya Kisarawe, palihamishiwa chuo cha wamisionari wa Kiingereza kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, nacho kikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea; leo ni shule ya sekondari ya serikali. Kibaha palianzishwa mradi wa Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya mwaka 1963, na shule yake ya sekondari ikafunguliwa mwaka 1965. Mradi huo ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Waliouanzisha waliweka shule, mafunzo ya wakulima na tiba mahali pamoja, ili ujinga, umaskini na maradhi vishambuliwe kwa safari moja. Walitambua kwamba elimu ya darasani, shamba na zahanati zina mzizi mmoja, nao ni kutazama sawasawa na kusema lililoonekana.

Mzizi huo hukatwa mapema, na mara nyingi hukatwa ndani ya maabara yenyewe. Fikiria shule moja ya mkoa huo, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa shule za namna yake ni nyingi. Mwanafunzi amepewa kazi ya pendulamu, yaani kitu kizito kilichofungwa kwa uzi kikaachwa kibembee. Ametumia jiwe, kwa kuwa gololi za chuma hazikutosha. Amepima uzi wake kutoka msumarini hata pale ulipofungwa jiwe, akapata sentimeta 98. Amehesabu mibembeo 50 ya kwenda na kurudi, na saa imesoma sekunde 100.5. Amefanya hesabu yake ili ajue mchapuko wa kitu kiangukacho, akapata meta 9.58 kwa sekunde kwa sekunde. Anatazama kitabu chake. Kitabu kimesema 9.81. Anatazama huku na huku, anashika kifutio, na baada ya dakika moja daftari lake linakubaliana na kitabu.

Mwalimu aliyekuwa akipita nyuma yake amesimama.

“Mwanangu, umeona nini?”

“Nimeona 9.58, mwalimu, lakini jibu ni 9.81.”

“Kitabu kilikuwapo ulipokuwa ukihesabu mibembeo?”

“Hakikuwapo, mwalimu.”

“Basi aliyekuwapo ni nani?”

Mwanafunzi hana jibu. Wenzake huliita jambo alilolifanya kupika matokeo, na jina hilo limestahili, kwa kuwa aliyepika huweza kutia chumvi apendavyo. Lakini ubaya wa jambo lenyewe haukuishia katika udanganyifu. Idadi aliyoifuta ilikuwa na habari ndani yake. Jiwe lake lilikuwa na unene wa sentimeta 4, na urefu wa pendulamu hupimwa hata katikati ya uzito ubembeao, wala hauishii pale ulipo fundo. Urefu wa kweli ulikuwa sentimeta 100. Hesabu ikirudiwa kwa urefu huo, sekunde zilezile 100.5 hutoa 9.77. Kosa lilikuwa mwalimu wa pili chumbani, na mwanafunzi alimfukuza kabla hajafungua kinywa.

Kuna ajabu nyingine. Mvutano wa dunia hauko sawa kila mahali. Dunia huzunguka, nayo imetuna kidogo katikati kama chungwa lililobanwa juu na chini; kwa hiyo vitu huanguka kwa mchapuko mdogo zaidi karibu na ikweta. London mchapuko huo ni kadiri ya 9.81. Kibaha na Kisarawe, karibu na nyuzi 7 kusini ya ikweta, ni kadiri ya 9.78. Mwanafunzi aliyefuta idadi yake akaandika 9.81 aliuacha ukweli wa ardhi aliyoikanyaga, akaazima ukweli wa ardhi ya watu wengine. Hata hivyo haki yataka isemwe pia kwamba pendulamu yake isingeweza kutofautisha sehemu hizo mbili. Katika mibembeo 50 tofauti ya Kibaha na London ni kiasi cha sehemu 15 katika mia za sekunde moja, nayo ni ndogo kuliko uchelewaji wa kidole kibonyezacho saa. Jibu lake la adabu lingekuwa hili: 9.77, na kosa lipatalo 0.05 juu au chini. Jibu hilo lina staha kuliko 9.81 iliyoandikwa kwa wino mzuri.

Jambo hili lilikwisha kumpata mtu mzima, na heri yake ni kwamba hakuwa na kifutio. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa, Jean Richer, alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Umbali wake na ikweta haukupitana sana na ule wa Kibaha. Saa ya pendulamu iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa huko kwa dakika mbili na nusu kila siku. Angeweza kuilaumu saa, au fundi wake, au joto, akanyamaza. Yeye aliipima tena na tena, akaona kuwa hapana budi uzi wa pendulamu ufupishwe kidogo ndipo saa iende sawa, akaandika aliyoyaona. Baadaye Isaac Newton, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, aliitumia habari hiyo kuwa ushahidi kwamba dunia imetuna katikati. Sehemu ndogo za sekunde, zisizoonekana katika mibembeo 50, zilikusanyika mchana na usiku hata zikawa dakika. Haba na haba ilijaza kibaba, na kibaba kikaonyesha umbo la dunia.

Tanzania ina mfano wake wa karibu zaidi. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa karibu kwisha, naye akatia maziwa yake yakiwa moto, ilhali mwenzake alitia yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Aliuliza, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, akachekwa. Hakuacha. Siku Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kuzungumza, Mpemba alisimama mbele ya wenzake akamwuliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, yakiwa ya kiasi kimoja katika vyombo vilivyo sawa, yakitiwa katika jokofu, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda?

Swali lilikwenda kinyume cha mambo ambayo Osborne aliyajua. Alikuwa na cheo cha kutosha kulizima kwa neno moja, lakini aliahidi kulijaribu. Huko Dar es Salaam msaidizi wa maabara alitumwa afanye jaribio, naye alirudi na habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, ila kwamba wangeendelea kulirudia jaribio mpaka matokeo sahihi yapatikane. Maneno haya huwachekesha wasomi mpaka leo, na yafaa yawahuzunishe kidogo vilevile. Msaidizi yule na mwanafunzi mwenye kifutio ni ndugu. Wote wawili walidhani kwamba jibu hukaa mahali fulani kabla ya swali kuulizwa. Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na tangu hapo jina la kijana wa Magamba limeambatana na jambo ambalo Aristotle, Francis Bacon na René Descartes walikwisha kuligusa katika maandishi yao karne nyingi kabla yake.

Mtu asiseme kwamba hadithi hii ni ushindi wa mnyonge tu, ikaishia hapo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa uangalifu kupoa kwa maji ya moto na ya baridi, wasione dalili ya kuaminika kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini zaidi kwa sentimeta 1 tu katika chombo, chaweza kumfanya mpimaji aone ajabu isiyokuwapo. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walionyesha jambo la ukoo huo kwa punje ndogo mno za kioo ndani ya maji zilizoongozwa kwa mwali wa leza. Habari ya maji yenyewe ingali ikibishaniwa. Je, ubishi huo umempunguzia Mpemba heshima yake? Haukumpunguzia hata chembe. Heshima yake haikusimama juu ya jibu. Ilisimama juu ya kuona jambo, kulirudia, kulisema wazi kwa namna iwezayo kujaribiwa na mtu mwingine, na kukataa kulifuta kwa sababu ya kicheko. Na waliompinga kwa vipimajoto walimheshimu kuliko waliompinga kwa kejeli.

Kutoka hapa njia ya usalama wa maabara si mbali, ingawa wengi hudhani kuwa ni somo jingine. Kanuni za usalama hubandikwa ukutani, wanafunzi huzisoma siku ya kwanza, kisha huzizoea kama picha ya zamani. Sababu ya kuzisahau ni kwamba wamepewa amri pasipo maana. Amri isiyo na maana hutiiwa mbele ya mwalimu tu. Lakini kila kanuni ya maabara ni kipimo kilichokwisha kufanywa na mtu mwingine, mara nyingi kwa ngozi yake, kwa jicho lake au kwa uhai wake. Marie Curie alijua kupima kuliko wengi wa zama zake, walakini alishika madini yenye mnururisho kwa mikono mitupu, kwa kuwa hatari yake ilikuwa haijapimwa. Alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliodhaniwa kutokana na kazi hiyo, na madaftari yake hutoa mnururisho hata leo. Mwanafunzi avaaye glavu amepokea urithi uliolipiwa na waliomtangulia.

Basi maana itangulie amri. Tindikali kali ya salfa humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Maji hayamiminwi ndani ya tindikali. Sababu ni kwamba kuchanganyika kwao huzaa joto jingi. Maji yakiwa mengi hulimeza joto hilo. Yakiwa machache juu ya tindikali huchemka ghafula, yakairusha usoni. Harufu ya kitu kisichojulikana huletwa puani kwa kupunga mkono juu ya chupa, kwa sababu pua ni mlango wa mapafu, na mlango ukifunguliwa wazi mgeni huingia na mizigo yake yote. Kimiminiko hakivutwi katika pipeti kwa mdomo, kwa kuwa ulimi si kipimo na koo halirudishi. Miwani ya kinga huvaliwa hata na mtu ambaye jaribio lake limekwisha, kwa sababu jaribio la jirani yake halijakwisha. Na kila chupa huandikwa jina la kilichomo. Kanuni hii ya mwisho yafaa itoke maabarani ikaingie majumbani, ambako mafuta ya taa huwekwa ndani ya chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma nia ya aliyeyaweka.

Mtu akiona kuwa haya ni mambo ya darasani, na arudi katika barabara ile ipitayo Misugusugu, aifuate hata Morogoro. Huko Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, gari la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika na madumu ili wachote petroli iliyomwagika, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ni rahisi kwa aliye mbali kuwahukumu marehemu, na ni vibaya. Dumu la petroli ni fedha, na haja ya siku moja huonekana kubwa kuliko hatari isiyoonekana. Neno lililo zito hapa ni hilo: isiyoonekana. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa mashimoni na miguuni mwa watu, ukangoja cheche moja tu. Macho huona kimiminiko kilicho hapa, yasione mvuke uliokwisha kufika kule. Mtu aliyefundishwa jambo hili kwa tone moja la spiriti katika maabara, mbele ya mwalimu makini, ameliona kwa macho ya akili na hawezi kulisahau. Mtu aliyelisoma kwa ajili ya mtihani amelibeba kama mzigo, na baada ya mtihani ameutua.

Kwa hiyo uchache wa maabara nchini ni jambo la uhai na mauti, wala halikuishia katika alama za mitihani. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza shule za sekondari za kata zijengewe maabara tatu kila moja, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi wengi walichangishwa kwa kazi hiyo. Kuta ni mwanzo mwema. Lakini kuta hazipimi. Chumba chenye meza na mabomba, ambamo wanafunzi hunakili matokeo ya mwaka jana, ni ghala. Na kivuli cha mwembe, ambapo wanafunzi wamefunga jiwe kwa kamba ya katani wakahesabu mibembeo na kuandika waliyoyaona, ni maabara. Vilima vya Pugu na Kisarawe vina udongo mweupe, uitwao kaolini. Ngumi moja ya udongo huo ikikorogwa katika chupa ya maji, kisha wanafunzi wakaandika kila baada ya dakika 5 ni kiasi gani kimetua, watajifunza kutazama, kungoja, kuchora mstari na kukiri kosa, nao hawatakuwa wametumia hata shilingi moja. Hoja hii isiwe udhuru wa wenye mamlaka kuwanyima watoto vyombo. Kuna mambo ambayo jiwe na kamba haviwezi. Ni hoja ya kuonya tu kwamba vyombo vikija visikute tabia ya kupika imekwisha kukaa kitini.

Yamkini mtu ataleta pingamizi kwamba mtihani hautoi alama kwa ukweli, hutoa kwa jibu. Pingamizi hili ni zito, na mwanafunzi maskini ambaye mtihani ndio daraja lake pekee hawezi kulaumiwa akilitia moyoni. Lawama huwaangukia wasahihishaji na waalimu zaidi. Msahihishaji apitaye juu ya 9.58 iliyoelezwa vizuri, akatia alama kwa 9.81 isiyo na maelezo, amefundisha somo kubwa kuliko lililo katika muhtasari: amefundisha kwamba macho ya mtu ni ya chini kuliko kitabu. Mwanafunzi huyo akiwa mganga, ataandika homa aliyoitarajia. Akiwa mhandisi, ataandika nguvu ya daraja aliyoambiwa. Akiwa mpima matangi, ataandika lita alizoombwa. Kifutio kilekile hukua pamoja na mwenyewe, na siku moja huwa kikubwa cha kutosha kufuta watu.

Mwalimu yule aliyesimama nyuma ya mwanafunzi hakumwadhibu. Alimrudishia rula, akamwambia apime tena kutoka msumarini hata katikati ya jiwe, kisha aandike idadi zote mbili, ya kwanza na ya pili, na sababu ya kupishana kwao. Daftari lilichafuka kidogo. Mistari miwili ilikatwa kwa kalamu pasipo kufutwa, ili mtu mwingine aweze kuisoma. Ukurasa huo, pamoja na uchafu wake, ulikuwa wa kwanza wa sayansi katika daftari lile. Zile zilizotangulia zilikuwa mwandiko mzuri tu. Adabu ya kupima ni hiyo: kuwapo, kuona, kuandika, kukiri, na kumwachia ajaye njia ya kusahihisha.